Sahani Hairudi Tupu: Jinsi ya Kushukuru, Hatua kwa Hatua

Bwana asifiwe wapendwa. Nianze na kitu kilinipata mimi mwenyewe manake mwongozo huu wote umetoka hapo.

Miaka kadhaa iliyopita kijana wangu aligonjeka akalazwa siku 11, bili ikapanda ikatushinda. Watu wa kanisa wakafungua grupu ya WhatsApp, majirani wakaingia, kila mtu akatuma alichonacho na mtoto akatoka. Siku ile ile nikaandika kwa grupu mesej moja, "Asanteni sana wapendwa, Mungu awabariki nyote na awazidishie pale mlipotoa," grupu ikafungwa, maisha yakaendelea. Sasa kama miezi 7 baadaye niko Kongowea nachagua viazi, mama mmoja anayeuza mahamri stejini karibu na kwetu akanishika mkono akaniuliza polepole, "Mwanangu, yule mtoto alipona?"

Yule mama alikuwa ametuma shilingi 100. Simu yake ni ile ya kubonyeza, hana WhatsApp, kwa hivyo ile asante yangu hakuiona hata siku moja, na mimi nilikuwa napita pale kwake asubuhi na jioni nikiwa na haraka zangu, habari ya asubuhi mama, salama, nimepita. Nikamwambia alipona, yuko shule. Akashusha pumzi, akasema, "Ashukuriwe Mungu, manake mimi bado namuombea." Miezi 7! Alikuwa anaombea mtoto aliyepona kitambo, kwa sababu hakuna mtu alirudi kumwambia.

Usiku huo sikulala vizuri. Nikafungua Luka 17, wale wakoma 10, unawajua. Wote walipona ila aliyerudi ni mmoja, tena Msamaria, mtu wa kudharauliwa, na Yesu akauliza, "Hawakutakaswa wote kumi? Wale kenda wa wapi?" (Kenda ndio tisa, wazee wetu hapa Pwani bado wanahesabu hivyo.) Kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma hapo nikidhani wale kenda hawakuwa na shukrani. Sidhani tena hivyo. Mimi nafikiri walifurahi sana, walimsifu Mungu njiani, walifika nyumbani wakapikiwa. Ila hawakurudi. Nami ndicho nilichofanya, moyoni nilishukuru sana, ila miguu haikurudi kwa mtu yeyote.

Kwa hivyo hapa nitaongea mambo ya miguu. Fuata taratibu, si lazima umalize wiki moja.

Hatua ya 1: Kaa chini uandike

Chukua daftari la kawaida la shule na kalamu, usiandike kwa simu manake simu itaita na utasahau. Usianze na "asante kwa uhai, afya na familia", hiyo tunaijua wote kwa kichwa na ndio maana haitugusi tena. Anza na jana. Jana nani alikufanyia nini? Kondakta alikusubiri ukikimbia, jirani alianua nguo zako mvua ilipokuja, bosi alikuruhusu utoke mapema, umeme haukupotea ukiwa na kazi ya watu kwa cherehani (mimi ni fundi, hiyo kwangu ni baraka kubwa). Andika jina, andika siku, andika kitu chenyewe.

Zaburi ya 136 ndio imenifunza hii. Iko na mistari 26 na kila mmoja unamalizikia na fadhili za Mungu za milele, lakini angalia kile kinachoingia katikati, inataja jua kando na mwezi kando, inataja Bahari ya Shamu, alafu inataja mpaka wafalme kwa majina, Sihoni mfalme wa Waamori na Ogu mfalme wa Bashani. Kwani mtunzi angeshindwa kusema tu "alitushindia maadui"? Alitaja majina kwa sababu shukrani isiyo na majina inapotea haraka. Na ikifika karibu mwisho inakuja kwa chakula, kile tunakula kila siku. Jua na chakula ziko kwa zaburi moja.

Ukimaliza jana, rudi nyuma mwezi, alafu mwaka. Kwa wale wamewahi kuchangiwa, fungua mesej zako za M-Pesa ama uombe statimenti ya miezi ile, majina yote yako humo. Ndivyo nilifanya mimi. Nikapata watu 41, na wengine nilikuwa siwakumbuki kabisa, kuna mwenye alituma 50.

Alafu acha ukurasa mmoja wa baraka za kurithi, hizi watu wengi wanaziruka. Ukishuka Kengeleni ukitoka Nyali kuna ile kengele ya Freretown, tunaipita kila siku na matatu inapiga honi. Mahali hapo palianzishwa 1875 kuweka watu waliokombolewa utumwani, na kengele ilikuwa ya kuwaonya kama wateka watumwa wanakuja. Kati ya watu hao walitoka walimu na wainjilisti waliopeleka Neno sehemu nyingi. Ludwig Krapf naye, mmishonari Mjerumani, alifika Mombasa 1844 na mwaka huo huo akazika mke wake Rosina na mtoto mchanga, kaburi la Rosina liko Nyali mpaka leo, na ni mwaka ule ule alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji huu, Mwislamu. Hebu fikiria hiyo unapofungua Biblia yako asubuhi ukiwa na chai mkononi. Kuna mtu alilia, na kuna jirani wa dini nyingine alisaidia kutafuta maneno. Andika hiyo pia.

Hatua ya 2: Mwambie Mungu kwanza, bila kuomba kitu

Hii ni fupi kuieleza, kuifanya ni kazi. Chagua siku moja kwa wiki ambayo maombi yako yatakuwa ni ya kushukuru peke yake. Soma lile daftari kwa sauti, jina kwa jina. Utaona dakika ya tatu mdomo unataka kuruka useme "na pia Bwana naomba...", uzuie. Maombi ya haja yana siku zake, Wafilipi 4:6 inatuambia tupeleke haja zetu pamoja na kushukuru, lakini wengi wetu ile kushukuru tumeifanya kama salamu ya mlangoni, asante Baba kwa siku ya leo, alafu dakika 20 za orodha ya mahitaji.

Kama nyumbani kuna kelele, tumia njia. Mimi nikivuka Likoni, feri ikianza tu kuondoka ndio naanza, na sinyamazi moyoni mpaka ule mlango ushushwe upande wa pili. Watu wanadhani naangalia maji.

Hatua ya 3: Rudi kwa mtu

Hapa ndipo kuna kazi yenyewe, na nataka tukae hapa kidogo.

Kuna maneno yameingia kwetu Wakristo ambayo yanaonekana ya kiroho sana, mtu anasaidiwa alafu anasema "sishukuru mwanadamu, namshukuru Mungu aliyemtumia." Ndugu yangu, dada yangu, hiyo si sawa. Yakobo 1:17 inasema kila kitolewacho kilicho kamili hutoka juu, ni kweli kabisa, lakini kilipita mkononi mwa mtu, na huyo mtu alikuwa na njaa yake na karo yake na bado akatoa. Paulo akiwa kifungoni aliwaandikia Wafilipi kuwashukuru, na hakuandika kijuujuu, alimtaja Epafrodito aliyeleta mzigo, akawakumbusha kwamba hata alipokuwa Thesalonike walimtumia, tena zaidi ya mara moja. Aliweka hesabu ya wema wao. Kama mtume hakuona aibu kushukuru watu kwa majina, sisi ni nani.

Sasa vile ya kufanya. Kama mtu yuko karibu, nenda. Kama yuko mbali, piga simu, na mesej iwe ya mwisho kabisa kwa wale hawapatikani. Ukifika usizunguke sana, sema mambo matatu. Sema alichokupa hasa, "ulinitumia mia tano siku ile ya Jumatano usiku." Sema kilifanya nini, "hiyo ndio ilikamilisha pesa ya dawa." Alafu sema mambo yamefika wapi sasa, "mtoto yuko darasa la tatu, anacheza mpira." Hiyo ya tatu ndio watu hawasemi na ndio muhimu kuliko zote. Mtu akitoa, moyo wake unabaki pale kwa shida yako, anaibeba, anaombea usiku. Ukirudi kumwambia ilivyoisha ndio anautua mzigo. Yule mama wa mahamri alinibebea miezi 7.

Mtu mzima ameketi? Muamkie kwanza vizuri, shikamoo, uliza hali, kaa chini hata kama ni kwa ndoo iliyofunikwa, usisimame mlangoni na funguo mkononi. Na tafadhali, siku hiyo usiombe kitu kingine. Hata kama una shida mpya inakuchoma, iache nyumbani, urudi nayo siku nyingine. Asante ikibeba ombi kwa mgongo, mtu anasikia ombi tu.

Utakutana na aibu, haswa kama umechelewa. Mimi kwa wale watu 41 nilikuwa nimechelewa karibu mwaka. Nilikuwa nasema hivi, "Najua nimekawia na ni makosa yangu, lakini sikutaka ipite." Hakuna hata mmoja alinilaumu. Wengine walinyamaza kwa simu kwa muda nikadhani laini imekatika, kumbe analia. Kuna mzee mmoja wa kanisa aliniambia amechangia watu tangu ujana wake na mimi ni wa pili kurudi.

Hatua ya 4: Sahani

Ukikulia Mombasa unaijua hii. Jirani akikuletea chakula kwa sahani yake, haurudishi sahani tupu. Mwezi wa Ramadhani jirani yangu Mwislamu ananiletea futari, mara viazi vya nazi, mara mkate wa sinia, na mimi sahani yake inarudi na ndizi ama maembe ama chochote kiko ndani. Krismasi inageuka, zangu ndizo zinaenda kwake. Ukipelekea jirani Mwislamu chakula, kama ni nyama hakikisha ni ya kuchinjwa kihalali na kama una wasiwasi peleka matunda ama mandazi, usimuweke mtu kwa hali ya kukuuliza maswali magumu.

Lakini elewa sahani si kulipa. Ukiletewa biriani haurudishi biriani, hapo mnaanza mashindano. Unarudisha kidogo, kitu cha kusema "nimeona, nimekula, bado tuko pamoja." Kuna watu hawawezi kukaa na zawadi, ukimpa leo kesho amekurudishia mara mbili, na anadhani ni ukarimu kumbe ni kukataa kuwa na deni la upendo. Zaburi 116 inauliza, nimrudishie BWANA nini kwa ukarimu wake wote? Alafu jibu lake la kwanza ni atakipokea kikombe cha wokovu. Atapokea! Yaani anajiuliza atarudisha nini anajibu atapokea tena. Kuna kupokea ambako kwenyewe ni shukrani, kunywa kile kikombe mpaka mwisho bila kuona haya.

Kwa wale hawajui wapeleke nini: kilo ya sukari haijawahi kukosea. Leso pia ni nzuri kwa mama, ila soma maneno yake kabla ya kununua, tafadhali, usichague rangi tu. Leso zinaongea, na kuna zingine zina mafumbo makali, unaweza kwenda kushukuru na ukarudi na uadui.

Hatua ya 5: Ushuhuda kanisani

Ukipewa nafasi Jumapili, dakika 3 zatosha. Ulikuwa wapi, Mungu alifanya nini, kupitia nani, umefika wapi. Omba ruhusa kwanza kama hadithi inamgusa mtu mwingine, mumeo, bintiyo, jirani, usitangaze ugonjwa wa mtu kwa maiki ati unamtukuza Mungu.

Na kuna kitu kimoja kinanikereketa roho, nitakisema wazi. Ile shukrani ya kulinganisha. "Wengine wako hospitali, wengine wako mochari, lakini mimi niko hapa." Tunaisema karibu kila ibada. Mara moja nikiwa nimekaa, mbele yangu kulikuwa na mama aliyemzika mume wake wiki mbili kabla, na pale mbele mtu anashukuru kwamba "wengine wameenda lakini sisi Mungu ametuhifadhi." Nikaona mabega ya yule mama yakishuka. Basi mume wake Mungu hakumpenda? Yule Farisayo wa Luka 18 naye alianza sala yake na shukrani, nakushukuru kwa kuwa mimi si kama watu wengine, na tunajua aliyerudi nyumbani amehesabiwa haki hakuwa yeye. Shukuru kwa kile umepewa, kipimo chake kisiwe msiba wa mwenzako.

Hatua ya 6: Sadaka ya shukrani

Hapa napita haraka. Weka kwa bahasha kadiri ya vile umebarikiwa, usikope ili utoe, Mungu hajakutuma kwa shailoki, yule mkopeshaji wa riba kubwa. Kama kanisa lenu lina siku ya mavuno na huna pesa, peleka kuku, peleka nazi, peleka mkungu wa ndizi, vitapigwa mnada na vitasaidia.

Kitu nataka ushike ni kile kiko Walawi 7:15, kwamba nyama ya sadaka ya shukrani ililiwa siku ile ile, isibaki mpaka asubuhi. Sasa mtu amechinja ng'ombe mzima, na hakuna friji, atamaliza vipi peke yake? Lazima aite watu. Ndio nasema, ukipata kazi mpya, ukijifungua salama, mtoto akipita mtihani, usiishie kwa bahasha. Pika sufuria moja ya pilau, ita watu wachache, na waite hata wale hawawezi kukualika kwao. Mkate na chai pia ni karamu. Kabla ya kula simama useme kwa nini mmeitwa, usiwache watu wale wakidhani ni besidei.

Hatua ya 7: Kama huna nguvu ya kushukuru

Kuna mtu anasoma hapa na moyo wake umekauka. Kazi imeisha, ama umezika. Watu wanakutumia 1 Wathesalonike 5:18, "shukuruni kwa kila jambo", na inakuuma kama kofi. Kwa Kigiriki cha Paulo neno lile ni "katika" kila jambo. Hujaambiwa ushukuru kwa kifo cha mtoto wako. Umeambiwa kwamba hata ukiwa ndani ya giza hilo, mlango wa kuongea na Mungu haujafungwa, na kuongea huko kunaweza kuwa kilio. Zaburi ya 13 inaanza na "hata lini", na nyingi sana kwenye kile kitabu ni za kulia. Lia kwanza. Daftari liache. Siku ukiweza kuandika mstari mmoja, uandike huo mmoja, "leo kuna mtu aliniletea uji", inatosha.

Na kama wewe ndio uko karibu na mtu kama huyo, usimfundishe kushukuru. Mpelekee uji.

Hatua ya 8: Watoto

Wape watoto sahani wabebe. Ni hiyo tu. Mtoto akitumwa na sahani iliyofunikwa na kitambaa, afunzwe kusema "mama amesema asante kwa samaki", akifika akapigwa shavu na kuitwa mzuri, huyo hutamhubiria shukrani akiwa na miaka 20. Kijana wangu yule aliyelazwa, ndiye nilimtuma kwa mama wa mahamri na kikapu cha machungwa, aende mwenyewe kwa miguu yake ili aonekane. Mama alimzungusha akimuangalia mgongo, mikono, miguu, kama mtu anayekagua nguo kwa fundi.

Swali la mwisho, manake naulizwa sana: na kama aliyenipa ameshafariki?

Kwa wale 41 wangu, mmoja alikuwa ameaga. Alikuwa ametuma 1,000. Nilikaa na jina lake kwa daftari wiki nzima sijui nifanye nini, alafu nikauliza kanisani, nikaelekezwa Mikindani kwa mjane wake. Nilipeleka unga na sukari. Nikamwambia mama, mimi hunijui, lakini mume wako alinitumia pesa usiku fulani mtoto wangu akiwa hospitali, nimekawia kuja kushukuru. Akaniangalia. Akasema hakuwa anajua, hakumwambia. Akaniuliza tarehe, nikamuonyesha ile mesej kwa simu, akaishika simu akaisoma jina la mume wake mara mbili. Alafu akainuka akaenda mpaka mlango wa nyuma, akawaita watoto wake wote 3 waliokuwa wanacheza uani, "Njooni mkae hapa. Njooni msikie kitu baba yenu alifanya."